Gereza Lisilo na Mfungwa: Changuu na Historia ya Karantini

Kisiwa cha Changuu kina majina mengi kuliko ukubwa wake. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, urefu wake haufiki kilomita moja, nacho kiko kilomita tano na ushee kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jina Changuu linatokana na samaki changu, anayepatikana kwa wingi katika bahari inayokizunguka. Mwaka 1923 serikali ya wakati ule ilikipa jina rasmi la Kibandiko, lakini jina hilo halikubandika. Watu hawakulitumia likafa. Leo watembeza watalii wanakiita Kisiwa cha Gereza, na jina hili ndilo lililoshinda. Liko kwenye mabango ya Forodhani na kwenye fulana zinazouzwa vichochoroni. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba jina hili limeshinda bila haki, na kwamba linatuficha watu waliowekwa pale kwa kweli.

Nilifika Changuu katika ziara ya masomo. Tulitoka Kampala kwa basi, tukavuka mpaka Mutukula, tukafika Dar es Salaam tumevimba miguu, kisha tukapanda boti ya Unguja. Njiani tuliulizwa kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu tunatoka Uganda na nchi yetu imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Naitaja kadi hii kwa sababu nitairudia. Siku ya pili tulipanda mashua hapo Forodhani. Wengi wetu tulizoea kusikia Forodhani kama mahali pa kula pweza na urojo usiku, tukasahau kwamba forodha ni mahali pa kukagua mizigo na kutoza ushuru. Bandari ya Unguja iliwahi kuwa mlango mkuu wa pwani hii. Na penye mlango hapakosi mlinzi wa kuuliza nani apite.

Historia ya kisiwa inayojulikana ni hii. Katika miaka ya 1860, wakati wa Sultani Majid bin Said, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Waarabu wawili waliokitumia kuwafungia watumwa walioonekana wakaidi, kabla hawajauzwa katika soko la mjini au kusafirishwa ng'ambo. Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba na Waingereza. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata Lloyd Mathews, ofisa wa zamani wa jeshi la majini aliyeliongoza jeshi la Sultani, akawa Waziri wa Kwanza. Mwaka 1893 Mathews alikichukua kisiwa akajenga gereza. Kuta zikasimama, ua ukazungushwa, vyumba vikapangwa. Mfungwa hakuletwa hata mmoja. Wenye mamlaka walibadili nia, wakaona bandari inahitaji zaidi mahali pa kuwazuia abiria wanaoshukiwa kuwa na maradhi. Jengo likawa kituo cha karantini.

Kwa hiyo waliokaa ndani ya zile kuta hawakuwa wezi wala wauaji. Walikuwa wasafiri. Meli iliingia kutoka ng'ambo, abiria wakashushwa Changuu, wakakaa wiki moja hadi mbili wakiangaliwa, na asiyeugua aliruhusiwa kuendelea na safari. Kosa lao lilikuwa kuja.

Ugonjwa gani uliogopwa? Mtembezaji wetu, kama wenzake wengi, alisema homa ya manjano. Jibu hili linanisumbua. Meli nyingi zilizoingia Unguja miaka ile zilitoka India na bandari za Uarabuni, na homa ya manjano haijawahi kuenea barani Asia hadi leo. Abiria kutoka Bombay hakuweza kuileta. Angeweza kuleta tauni, iliyozuka Bombay mwaka 1896. Angeweza kuleta kipindupindu, na Unguja ilikuwa na sababu ya kukumbuka kipindupindu, kwa maana kile cha 1869 na 1870 kiliua maelfu; daktari James Christie, aliyekuwa akiishi mjini wakati huo, alikiandikia kitabu kizima kilichochapishwa 1876. Angeweza pia kuleta ndui. Mwaka 1897 mataifa yalikutana Venice kukubaliana namna ya kuzuia tauni isisafiri na meli, na mwaka huohuo reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa kutoka Mombasa. Reli hiyo ililetewa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, nao walishukia Mombasa, si Changuu, lakini hofu ya kila bandari ya pwani hii ilikuwa moja: nguvu kazi inatakiwa, maradhi yake hayatakiwi.

Homa ya manjano ina nafasi yake katika historia hii, ila nadhani imesimuliwa kinyume. Katika miaka ya 1930 wakubwa wa afya waliogopa kwamba homa hiyo, iliyoko Afrika, ingevuka bahari kwenda India, ambako mbu wa kuieneza wapo tayari. Ndiyo sababu mojawapo ya shirika la Rockefeller kuanzisha taasisi ya utafiti wa homa ya manjano pale Entebbe mwaka 1936. Taasisi hiyo ndiyo leo tunaiita taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda, na ndiyo iliyogundua virusi vya Zika mwaka 1947 katika msitu ulio jirani yake. Kwa maneno mengine, kufikia wakati huo mshukiwa alikuwa amebadilika. Kwanza alikuwa Mhindi anayekuja Afrika. Halafu akawa mtu anayetoka Afrika. Kadi ya manjano niliyoonyesha safarini ni mtoto wa hofu hiyo ya pili.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1893 hakuna aliyejua tauni hubebwa na viroboto wa panya, wala homa ya manjano na mbu. Mambo haya yalithibitishwa miaka michache baadaye. Abiria walihesabiwa, wakafungiwa, wakachunguzwa ndimi. Panya wa melini hawakuitwa majina.

Hapa nataka kusimama kidogo kwenye maneno, maana ndiyo somo letu. Neno gereza wataalamu wanalirudisha kwa Wareno, kwenye neno lao la kanisa, igreja. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao, ngome baadaye zikafungia watu, na Waswahili wakalibeba neno hadi likatua kwenye jela. Ni safari ndefu kwa neno moja, kutoka altareni hadi korokoroni. Karantini nayo imetoka Italia, kwenye neno la arobaini, kwa sababu Venice iliwazuia mabaharia siku arobaini. Sisi arobaini tunayo ya kwetu: ya msiba, na ya mzazi anayetolewa nje na mtoto wake. Na tunasema siku za mwizi ni arobaini. Nilipokuwa nimesimama katika ule ua methali hii ilinijia ikageuka. Mwizi hupewa siku arobaini za uhuru kabla hajashikwa. Msafiri asiye na kosa hupewa siku zake akiwa ndani.

Tofauti ya maneno haya mawili si ya kamusi tu. Aliye gerezani ameshtakiwa, amesikilizwa vizuri au vibaya, na amepewa hukumu yenye mwisho. Aliye karantini hakushtakiwa. Hana wakili wa kumtetea, kwa sababu hakuna anayesema amekosa. Wote wanasema ni kwa faida yake. Ndiyo maana karantini ni vigumu kuilalamikia.

Kisiwa chenyewe ni kizuri, na uzuri huo ni sehemu ya historia yake. Mchanga mweupe upande mmoja, vichaka na mawe upande mwingine. Miezi ambayo hapakuwa na meli ya kuzuiliwa, wenye nafasi zao kutoka mjini walikwenda kupumzika hapohapo. Fikiria: ufukwe uleule, wengine wameletwa kwa nguvu na wengine wamekuja kubadili hewa. Leo mapumziko ndiyo yamebaki. Kuna chakula, kuna vinywaji baridi, na watalii hupigana picha wakijifanya wafungwa, nyuso zimekunjwa, mikono imefumbatwa. Wenzangu wawili walifanya hivyo pia. Sikuwalaumu, maana jina la kisiwa ndilo linalowaelekeza namna ya kucheza.

Kinachowavuta wengi ni kobe wakubwa. Wa kwanza, wanne, waliletwa mwaka 1919 kama zawadi ya gavana Mwingereza wa Shelisheli, na mtu huambiwa aguse shingo zao za mikunjo. Mganda akisikia Shelisheli lazima ashtuke. Huko ndiko Waingereza walikowapeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, baada ya kuwakamata mwaka 1899. Mwanga alifia huko 1903; mabaki yake yalirudishwa na kuzikwa Kasubi. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla hajakanyaga Bunyoro. Hata Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Zanzibar kwa siku mbili tatu mwaka 1896 kabla ya mizinga ya Waingereza, alipitishwa Shelisheli alipokamatwa baadaye. Anayetafuta kisiwa cha gereza cha Waingereza katika bahari hii aende huko. Changuu ilipata kobe tu.

Sasa niseme kwa nini jambo hili limenikaa. Kiswahili changu cha kwanza sikukipata darasani. Nilikipata kwa mjomba, ambaye kwetu twamwita kojja, dereva wa lori wa miaka mingi kati ya Mombasa na Kampala. Mei 2020 alikwama Malaba siku tano, akisubiri majibu ya kipimo cha korona. Foleni ya malori ilikuwa ya kilomita nyingi. Alilala kwenye kiti, akapika kwa jiko dogo pembeni ya tairi, akatupigia simu jioni kutuuliza kama tumekula. Sampuli nyingi za nchi wakati ule zilipimwa Entebbe, kwenye taasisi ileile niliyoitaja. Majibu yake yalitoka salama. Rafiki yake, dereva Mkenya aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, alikutwa na virusi akarudishwa kwao. Mwezi huohuo serikali iliamua madereva wa kigeni waliokutwa na virusi waondolewe kwenye hesabu ya wagonjwa wa Uganda. Mtu aliugua, tena aliugulia kwenye udongo wetu akituletea mafuta na chumvi, kisha akatolewa kwenye jumla.

Mtaani kwetu hali ilikuwa mbaya zaidi ya foleni. Neno dereva lilitamkwa kama jina la ugonjwa. Mjomba aliporudi, majirani walihamisha viti. Hata Kiswahili chake, ambacho Kampala bado kina watu wanaokihusisha na askari na wahuni, kilizidi kumtenga; kilikuwa lugha ya barabarani, na barabara ndiyo iliyoleta virusi.

Sisemi karantini ni uonevu. Mwaka 2022 Ebola iliingia Mubende na Kassanda, wilaya hizo zikafungwa, na Januari 2023 mlipuko ukatangazwa kwisha. Asiyetaka kuzuiwa kabisa hajakaa karibu na Ebola. Unguja ya 1893, yenye kumbukumbu ya kipindupindu, ilikuwa na haki ya kuogopa meli. Ninachouliza ni kitu kidogo zaidi: aliyezuiliwa kwa ajili ya usalama wa wengine anaandikwa wapi, na kwa jina gani? Rafiki wa mjomba alifutwa kwenye hesabu. Abiria wa Changuu wamefanywa wafungwa na jina la kisiwa, na wale watumwa wa miaka ya 1860, ambao kwa kweli walifungwa, wamepewa sentensi moja kabla ya kobe.

Kabla ya kupanda mashua nilimuuliza mtembezaji wetu kama kuna mahali kisiwani palipoandikwa jina la hata mmoja wa abiria hao. Alifikiri, akasema hajaliona. Kisha, kwa fahari kidogo, akanionyesha kobe mmoja aliyeandikwa mgongoni kwa rangi ya buluu. Ilikuwa namba ya umri wake, na ilikuwa imepita mia.