Vidonge vya Kuchangamsha Moyo: Vilipimwaje?

  Leo tutaangalia historia ya jambo linalotuhusu sana siku hizi.

Siku ya soko utamsikia mwuzaji akisifu vidonge vya lishe: "Mama, hivi si dawa, ni chakula tu. Ukimeza, uchovu utaisha na moyo utachangamka." Jirani naye anashuhudia kuwa vimemsaidia. Huenda jirani hasemi uongo. Lakini je, ni kidonge kilichomsaidia?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1747 daktari wa meli wa Uingereza, James Lind, alikuwa na mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye. Ugonjwa huo hutoa damu kwenye ufizi, na humfanya mtu achoke na kukata tamaa. Aliwagawa wawili wawili, kila kundi likapewa kitu chake. Waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kuliko wenzao. Hapo tukapata somo la kwanza: usimtazame mtu mmoja pekee, linganisha makundi.

Somo la pili lilikuja mwaka 1799. Wakati huo watu walinunua kwa bei kali vijiti vya chuma vilivyosemekana kuondoa maumivu. Daktari John Haygarth, katika mji wa Bath, alitengeneza vijiti vya mbao vilivyofanana na vile vya chuma, akavipitisha kwa wagonjwa 5. Wagonjwa 4 walisema wamepata nafuu! Imani peke yake iliwapa nafuu hiyo. Ndiyo maana leo wataalamu wakipima kidonge, kundi moja hupewa kile halisi na lingine hupewa kinachofanana nacho lakini hakina kitu ndani. Kura ndiyo huamua nani apate kipi. Anayemeza hajui, na anayemhoji pia hajui.

Hisia za moyo ndizo zinazohitaji kipimo hiki zaidi. Homa tunaipima kwa kipimajoto, lakini furaha tunaijua kwa kumwuliza mtu. Na mtu aliyetumia pesa zake anatamani sana kujibu, "Naam, naona tofauti."

Sasa tuje kwenye vidonge vyenyewe. Mwaka 1991 watafiti wawili, Benton na Cook, walichapisha matokeo ya kipimo walichofanya kwa watu wazima 50 wenye afya. Waliwapa madini ya seleniamu, yanayotoka udongoni na kuingia katika nafaka, nyama na samaki. Kwa majuma 5 watu walimeza kidonge cha seleniamu, na kwa majuma mengine 5 kidonge kitupu. Walipomeza seleniamu walisema mioyo yao imechangamka, hasa wale ambao chakula chao kilikuwa na madini hayo kidogo.

Habari njema, sivyo? Lakini watu 50 ni wachache. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya kipimo kikubwa zaidi huko Uingereza, cha watu 501 wenye umri wa miaka 60 hadi 74. Baada ya miezi 6 seleniamu ilikuwa imeongezeka katika damu zao, lakini mioyo yao haikuchangamka kuliko ya waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2020, huko Marekani, vitamini D ilipimwa kwa watu wazima zaidi ya 18,000 kwa muda wa miaka 5 hivi. Haikuzuia ugonjwa wa huzuni.

Je, chakula basi hakina kazi? Kina kazi kubwa! Karibu na kwetu, wilayani Embu, kuanzia mwaka 1998 watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 waligawanywa kwa makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri, ambayo sisi twaiita isyo, iliyoongezwa mafuta. Lingine githeri na maziwa. Lingine githeri yenye nyama. Na la nne halikupewa chakula shuleni. Waliokula nyama ndio walioonekana uwanjani wakicheza kwa bidii na kuwaongoza wenzao. Watoto hao walikuwa na upungufu katika mlo wao, na upungufu ukijazwa, mwili na akili huamka. Ukiongeza maji kwenye mtungi uliojaa, yatamwagika tu.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukijisikia mchovu na mzito wa moyo, fika kwanza kwenye kituo cha afya. Pengine umepungukiwa na damu, na hilo hupimwa na kutibiwa. Nyumbani kula ndengu, mbaazi, mboga za majani, mayai, na nyama au samaki ukipata.

Usidanganywe na neno "chakula tu". Seleniamu ikizidi mwilini, nywele hunyonyoka na kucha huharibika. Mmea uitwao St. John's wort, unaouzwa kuondoa huzuni, hupunguza nguvu za dawa kadhaa za ARV na za vidonge vya kupanga uzazi. Mwambie muuguzi kila unachomeza.

Na huzuni ikiendelea kwa majuma mawili au zaidi, ukikosa usingizi, kazi ikikushinda, au ukiwaza kujidhuru, huo ni ugonjwa na una matibabu. Usingoje kumaliza chupa ya vidonge vya sokoni. Njoo siku hiyo hiyo, au umlete ndugu yako.

Mwuzaji akikuita tena, mwulize: kilipimwa kwa watu wangapi, na kililinganishwa na nini? Asipojibu, rudisha pesa yako mfukoni ukanunue ndengu.