CHUO, KIWANDA NA DUKA: FUNDISHO LA MJI WA MONDRAGÓN

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, twapenda kuutoa ukurasa huu kwa jambo lililozungumzwa mara nyingi katika mikutano yetu. Vijana wetu huenda vyuoni kwa karo iliyotoka katika jasho la wazazi wakulima, kisha elimu yao haionekani tena katika maduka, maghala na viwanda vya kwetu. Wenye maduka nao huwahesabu wanafunzi kuwa wanunuzi wa chai na daftari tu. Shida hii si yetu peke yetu, wala haikuanza leo. Kwa hiyo yafaa tusimulie habari za mji mdogo wa Mondragón, katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania.

Mwaka 1941, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alifika huko padre kijana, José María Arizmendiarrieta. Aliukuta mji katika umaskini. Kazi nyingi zilitoka katika kiwanda kimoja kikubwa cha makufuli na vyuma, nacho kilikuwa na shule yake ya ufundi, lakini nafasi za watoto wa watu wa nje zilikuwa chache mno. Padre akawaendea wenyeji. Masanduku yaliwekwa katika pembe za barabara, kila mtu aandike atakachotoa, iwe fedha au kazi ya mikono. Watu wapata 600 waliitikia, na mwaka 1943 shule ya ufundi ikafunguliwa ikiwa na wanafunzi 20.

Hapo ndipo ulipo msingi wa habari yote. Shule ile haikuletwa na mfadhili wa mbali. Ilikuwa mali ya mji. Mwaka 1948 iliundwa jumuiya ya kuitunza, ambayo ndani yake watu binafsi, wenye viwanda na wakuu wa mji walikuwa na sehemu zao. Aliyetoa mchango alipata sauti, na mwenye sauti hakuacha kuuliza maendeleo ya wanafunzi.

Baadhi ya wanafunzi wa kwanza waliendelea na masomo ya uhandisi ya Zaragoza huku wakifanya kazi mchana, na mwaka 1952 wakahitimu. Waliomba wafanyakazi wapewe sehemu katika mali ya kiwanda walichokitumikia, wakakataliwa. Basi watano kati yao wakatoka, wakakopa fedha kwa ndugu, rafiki na majirani, na mwaka 1956 wakaanzisha Ulgor, jina lililotungwa kwa herufi za majina yao. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kutengeneza majiko ya mafuta ya taa. Mwaka 1959 ilianzishwa benki ya ushirika, ili akiba ya wenyeji iwe mtaji wa kazi mpya za hapo hapo.

Lakini lililo karibu zaidi na haja yetu ni Alecop, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1966, ambacho wanachama wake walikuwa wanafunzi wenyewe. Nusu ya siku walisoma, na nusu ya siku walifanya kazi, wakitengeneza vipande vya mitambo kwa ajili ya viwanda vya jirani na vyombo vya kufundishia. Kwa ujira wao walilipa karo. Mtoto wa maskini akapata elimu bila deni. Kiwanda kikapata fundi ambaye tabia na bidii yake vilikwisha kujulikana. Na chuo kikajua ni ufundi gani unaotakiwa mjini.

Hatusemi kwamba njia hiyo haina miiba. Mwaka 2013 kampuni ya Fagor Electrodomésticos, iliyotokana na Ulgor, ilifilisika. Hata hivyo wanachama wengi walipewa kazi katika vyama vingine vya ushirika vya Mondragón. Udugu uliojengwa kwa kazi ulionekana siku ya msiba.

Kwetu Tanzania msingi upo. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi, mji ambao KNCU ilikuwa imekwisha kuuza kahawa ya wakulima wa Kilimanjaro tangu mwaka 1933. Na mwaka 2014 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika. Majengo tunayo na walimu tunao. Kinachotakiwa ni mapatano: duka limpokee mwanafunzi katika kuhesabu mali, ghala limfundishe kupima mazao, naye aandike vitabu vya hesabu vya chama cha msingi na kulipwa ujira wa haki.

Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Urafiki wa chuo na mji hauletwi na hotuba za siku ya sherehe. Huletwa na kazi ambayo pande zote mbili zinafaidika nayo. Wanachama wenzetu, miaka 10 ijayo na ihesabiwe kwa vijana waliosomea kwetu wakabaki kutujenga.