Upungufu wa damu kwa watoto: Vipimo vinavyofichua uhaba wa chuma mwilini

UPUNGUFU wa damu utokanao na uhaba wa madini ya chuma huwaandama zaidi watoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili. Akiba ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huwa imepungua afikapo miezi sita, na maziwa ya mama, licha ya ubora wake, yana chuma kidogo. Aliyezaliwa kabla ya wakati huwa na akiba haba zaidi.

Mtoto hupauka, huchoka upesi na kukosa hamu ya kula. Wengine hula udongo. Lakini akiba huisha kabla ya dalili hizo kuonekana, wakati ambapo ubongo unaokua unayahitaji mno madini hayo. Ndiposa jicho la mzazi halitoshi. Sharti damu ipimwe.

Kipimo cha kwanza ni cha himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) wa mwaka 2024, mtoto wa miezi sita hadi 23 ana upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 10.5 kwa desilita. Kuanzia miaka miwili hadi kabla ya mitano, kiwango ni gramu 11.

Kipimo hicho hakielezi sababu. Malaria, minyoo ya safura na ugonjwa wa selimundu pia hupunguza damu. Kwa hivyo daktari huagiza hesabu kamili ya chembe za damu: palipo na uhaba wa chuma, chembe nyekundu huwa ndogo na zilizopauka.

Kiasi cha akiba hujulikana kwa kupima feritini. Kwa mtoto mzima wa chini ya miaka mitano, kiwango kilicho chini ya mikrogramu 12 kwa lita huonyesha kuwa akiba imekwisha. Hata hivyo, feritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi, hivyo mtoto mwenye homa huweza kuonekana ana chuma cha kutosha ilhali hana. Kwake yeye, WHO hutumia kiwango cha 30.

Hatari ya kukisia ilidhihirika kisiwani Pemba, Zanzibar, ambako malaria ilikuwa imekithiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulibaini kuwa watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kubagua walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa hospitalini au kufariki. Hata hivyo, miongoni mwa wale waliochunguzwa damu, waliokuwa na uhaba wa chuma na upungufu wa damu walinufaika. Ndiyo maana katika maeneo yenye malaria, chuma hutolewa sambamba na hatua za kuzuia na kutibu ugonjwa huo.

Matibabu yakianza, himoglobini hupimwa tena baada ya wiki nne. Ikipanda kwa gramu moja au zaidi, ni thibitisho kuwa tatizo lilikuwa chuma. Isipopanda, daktari huchunguza iwapo dawa inamezwa ipasavyo, au kuna minyoo, maambukizi au maradhi ya kurithi.

Mzazi asiache dawa kwa kuwa mtoto amechangamka. Himoglobini hurejea kwanza, akiba hujaa baadaye. Hivyo dawa huendelea kwa miezi miwili hadi mitatu zaidi. Isitolewe pamoja na chai, na ifungiwe mbali na watoto, kwani ikimezwa kwa wingi huweza kuua.