Gazeti la kila siku, Mahurunga linafika keshokutwa

Nimepotea kidogo, si kwamba nawakimbia, ni chuo tu kimenibana. Kwenye kozi ya historia tumepewa insha: chagua gazeti moja la kila siku la hapa nyumbani, eleza limetoka wapi. Darasa zima likakimbilia Mwananchi, maana lilianza 2000 na mambo yake yanapatikana kirahisi. Wachache wamechukua Uhuru. Mimi nimebeba Daily News, na jamaa zangu wa pale kwenye vimbweta wamenicheka ile mbaya. Eti mtoto wa Mahurunga, huku chini kabisa Mtwara ambako ukivuka Ruvuma umeshafika Msumbiji, na gazeti la Kiingereza wapi na wapi?

Subirini kwanza.

Gazeti hili lilizaliwa na jina jingine. Tarehe 1 Januari 1930 lilitoka Dar es Salaam likiitwa Tanganyika Standard, mtoto wa East African Standard la Nairobi. Lilikuwa gazeti la wazungu: maofisa, walowezi wa mkonge, wafanyabiashara. Serikali ya kikoloni haikulimiliki, lakini wala haikuwa na haja ya kulimiliki, maana walikuwa wakiimba wimbo mmoja. Mwafrika alitafuta sauti yake kwingine. Kulikuwa na Kwetu la Erica Fiah tangu 1937, baadaye Mwafrika, halafu Ngurumo lililoanza 1959 na kusomwa sana mitaani mpaka lilipokufa 1976.

Sasa hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi limenifurahisha. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa mahakamani kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa kikoloni, akatiwa hatiani na kupigwa faini. Kwa hiyo Mwalimu alijua vizuri kabisa kalamu inavyoweza kumpeleka mtu kortini. Mtu huyohuyo, miaka kumi na miwili baadaye, ndiye akawa Mhariri Mkuu wa lile gazeti la wazungu!

Ilikuwa hivi. Tarehe 5 Februari 1970, miaka mitatu kamili tangu Azimio la Arusha litangazwe, serikali ililitaifisha The Standard (lile neno Tanganyika lilikuwa limeshadondoka). Wakati huo wenyewe walikuwa Lonrho, kampuni ya Uingereza. Rais akawa Mhariri Mkuu kwa cheo, na kazi ya kila siku akapewa Frene Ginwala, mama wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni. Ndiyo, ni yuleyule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini mwaka 1994.

Mwalimu alimwekea masharti kwa maandishi, na ukiyasoma unaona mtu anayevutana na nafsi yake. Gazeti lifuate ujamaa na misingi ya Azimio. Lakini papo hapo liwe huru kujadili na kupinga mapendekezo yoyote, yawe ya serikali au ya TANU yenyewe. Mwalimu wetu wa semina anasema ahadi ile ilikuwa ya kweli. Mimi nakubali kwamba ilikuwa ya kweli. Ila ahadi ya kweli nayo ina mpaka wake, na mpaka huo haukuchelewa kuonekana.

Julai 1971 kulitokea jaribio la mapinduzi Sudan. Nimeiri alipolishinda akawaua viongozi wa wakomunisti. The Standard likaandika tahariri kali kumlaani. Nimeiri alikuwa rais wa nchi rafiki, na gazeti sasa lilikuwa la serikali, kwa hiyo kila neno lake lilihesabiwa kuwa neno la serikali. Mama Ginwala akaondolewa. Hakudumu hata miaka miwili.

Naomba tusimame kidogo hapa, maana ndipo insha yangu yote ilipo. Wenzangu wengi wanasema hii inaonyesha serikali haifai kumiliki gazeti, basi, imeisha. Mimi naona si rahisi hivyo. Lonrho nao wangemwacha mhariri aandike dhidi ya faida yao? Tofauti ni kwamba mwenye gazeti wa sasa alikuwa ametoa ahadi hadharani, kwa hiyo kosa lake linaonekana. Tajiri wa zamani hakuahidi kitu, na ndiyo maana hatumdai.

Haya, tuendelee. Tarehe 26 Aprili 1972, Siku ya Muungano, The Standard liliunganishwa na The Nationalist, gazeti la TANU la tangu 1964, likazaliwa Daily News. Na mhariri mtendaji wake ni nani? Benjamin Mkapa! Mzaliwa wa Lupaso, Masasi, mtu wa kwetu kusini, aliyesoma Kiingereza Makerere na kushika The Nationalist tangu 1966. Mmeona sasa kwa nini nimelichagua? Watu wa kusini tumezoea kutajwa kwa korosho na umaskini. Kumbe gazeti kubwa la serikali kwa siku zake za kwanza lilikuwa mikononi mwa mtoto wa Masasi. Mwaka 1974 akaenda kuwa mwandishi wa habari wa rais, na 1976 akaanzisha SHIHATA, shirika la habari la taifa.

Kituko ni kwamba alipokuwa rais, 1995 mpaka 2005, waandishi wa nyumbani walimlalamikia kwamba hawapendi, naye akiwaona hawajiandai. Labda mhariri hamsamehi mwandishi mvivu hata akihamia Ikulu, hehehe.

Lakini gazeti kuwa na mtu wetu ni kitu kimoja, kutufikia ni kingine. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji 2003, njia ilikuwa kivuko cha Ndundu, na masika barabara ya kusini ilikatika kabisa. Gazeti la kila siku likawa la wiki. Babu yangu anasema wao gazeti walilisoma likiwa limefungia kitu cha dukani, na habari haikuwa mbaya kwa kuwa ya zamani. Ila la Kiingereza lilibaki kwa walimu na wakubwa wa ofisini. TSN, kampuni inayomiliki Daily News, ilikuja kutoa Habari Leo la Kiswahili Desemba 2006. Hesabuni wenyewe, tangu kutaifishwa ni miaka thelathini na sita. Ni kweli Uhuru lilikuwapo, lakini hilo la chama.

Sisi wa mpakani tunajua bei ya habari kuchelewa. Oktoba 2020 Kitaya, jirani zetu kabisa, walivamiwa usiku na watu wenye silaha waliotoka upande wa Cabo Delgado. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Mimi nilikuwa sekondari. Habari zilitufikia kwa simu, za kweli na za uongo zimechanganyika, na uthibitisho wa polisi ukatoka siku kadhaa baadaye. Zile siku za katikati ndugu zetu walikuwa wanaamua kukimbia au kubaki kwa kusikiliza uvumi. Hapo sikujali gazeti ni la serikali au la tajiri. Nilitaka mtu mmoja tu aliyefika Kitaya, akaona, akaandika.

Ndiyo nataka kuiingiza hiyo kwenye insha, ila sijui kama mwalimu ataikubali kuwa ni historia. Semina ni Alhamisi, na bado kurasa nne.