Kabla Useme ni Kelele: Historia ya Ubao wa Spika

Hapa Kawangware gari husikika kabla ya kuonekana. Ukisimama stage ya 46 jioni, besi inakufikia miguuni kwanza, halafu unaona rangi, halafu ndiyo unamwona makanga akining'inia mlangoni. Na hakosi mtu wa kusema, "Hawa vijana na kelele zao." Hayo maneno nimeyasikia tangu nikiwa mtoto. Leo nataka kuyajibu kwa kutumia kitu kimoja tu: ule ubao ulio nyuma ya kiti cha nyuma, chini ya kioo, wenye spika mbili.

Msimamo wangu ni huu. Huo ubao ni ufundi, una historia, na historia yake ni ya Nairobi yenyewe. Serikali zetu zimeutazama kwa jicho la karao peke yake, na ndiyo maana tuko karibu kuupoteza bila hata kuuandika mahali. Soma hadi mwisho, halafu tubishane.

Ubao wenyewe ni nini

Saluni kama Corolla ama Nissan Sunny hutoka kiwandani na kibao chepesi kilichovishwa kitambaa, kimelazwa juu ya bati lenye matundu. Kazi yake ni kuficha buti na kubeba mwavuli. Ukifunga spika ya nguvu hapo, kibao kinatetemeka, bati linalia, na besi inapotea. Watu hukimbilia kusema wameuziwa spika feki. Mara nyingi spika iko sawa, kinachokosekana ni ubao.

Sababu ni rahisi. Koni ya spika ikisukuma hewa ya mbele, wakati huo huo inavuta hewa ya nyuma. Hizo sauti mbili ni kinyume, na zikikutana, hasa zile nzito, zinafutana. Ubao mzito usio na mwanya unazitenganisha: ya mbele inaingia kwa abiria, ya nyuma inabaki ndani ya buti. Buti lote linageuka sanduku la spika. Mwaka 1925 Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walichapisha kazi yao kuhusu spika ya koili inayotembea, mama wa spika karibu zote tunazotumia leo, na ubao wa kutenga sauti ulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaenda mbele zaidi: akaifunga spika ndani ya sanduku lisilopitisha hewa, na hewa ya ndani ikafanya kazi ya springi.

Fundi wa mtaani hajawahi kusikia hayo majina. Anachukua katoni, anailaza pale nyuma, anaipunguza kidogo kidogo mpaka iingie kila kona, kisha anachora umbo hilo juu ya MDF ya milimita 18. Anapima matundu mawili ya umbo la yai, ya spika za inchi 6 kwa 9. Umbo la yai si la urembo. Nafasi chini ya kioo ni nyembamba, duara kubwa haliwezi kuingia, lakini yai linapata eneo kubwa la kusukuma hewa. Anakata, anapiga msasa, anavisha kapeti kwa gundi, anaweka sponji pale ubao unapokutana na bati, halafu anakaza bolti. Muulize sponji ni ya nini, atakwambia ni ya kuzuia sauti isitoroke. Hapo amekupa somo la Rice na Kellogg, tena bila karo.

Na si ajabu kazi hii imeshika upande wetu. Kuanzia Dagoretti Corner kando ya Ngong Road kuna maseremala wa vitanda na sofa, na hatua chache tu kuna gereji. Ubao wa spika ni mtoto wa hizo kazi mbili: nusu seremala, nusu fundi umeme wa gari.

Senti 30 na jua kali

Redio ya gari ilikuwa kitu cha matajiri ilipoanza. Ndugu wawili wa familia ya Galvin walianza kuuza redio yao ya Motorola kule Chicago mwaka 1930, wakati gari lenyewe lilikuwa anasa. Huku kwetu sauti ya gari iligeuka mali ya umma kupitia mlango mwingine kabisa: matatu.

Jina lenyewe linatokana na nauli. Kwa Kikuyu, mang'otore matatu ni sarafu tatu za senti kumi, yaani senti 30. Zile gari za kwanza zilifanya kazi bila leseni, zikikimbizana na askari, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotangaza kwamba zinaweza kubeba abiria bila ile leseni ya mabasi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti kuhusu ajira Kenya, ikisema wazi kwamba hawa mafundi na wachuuzi wanaohangaishwa na serikali wanafanya kazi ya maana na wanafaa kusaidiwa. Hao ndio tunaowaita jua kali.

Weka hiyo miaka miwili pamoja. Mwaka 1972 dunia inasema fundi wa mtaani ana thamani, 1973 rais anasema gari la mtaani lina ruhusa. Ubao wa spika unahitaji wote wawili, gari lenye mwenyewe anayetaka wateja, na fundi asiyengoja cheti ndio aanze kazi.

Wakati redio ilikuwa moja

Hapa ndipo wale wa "kelele" huwa nawapoteza, kwa hivyo naenda polepole.

Tangu 1964 utangazaji Kenya ulikuwa mkononi mwa serikali, kwa jina la Voice of Kenya, baadaye KBC. Stesheni ya kibinafsi haikuwepo. Ulisikiliza kile serikali ilitaka usikilize, saa ilizotaka. Kisha kaseti ikaja. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, na kufikia miaka ya themanini ilikuwa imejaa River Road. Kaseti haikuhitaji ruhusa ya mtangazaji. Ilihitaji kichwa cha kuicheza na spika za kuisambaza, na matatu ilikuwa na vyote viwili, pamoja na wasikilizaji ambao tayari wamelipa na hawawezi kutoka kabla ya kufika.

Mwaka 1990 hilo likageuka siasa. Februari, Waziri Robert Ouko aliuawa. Mwezi wa tano, vibanda vya Muoroto, karibu na stesheni ya mabasi, vikabomolewa na watu wakapambana na askari. Redio ya taifa haikuwa mahali pa kulia juu ya mambo hayo. Lakini kaseti zilizoyaimba ziliuzwa River Road na kuchezwa ndani ya matatu, na polisi wakaanza kuwakamata wauzaji. Julai 7 ikafika Saba Saba pale Kamukunji.

Kwa hivyo ukiniambia spika ya matatu ni ya kuwasumbua watu tu, nakukumbusha kwamba kuna wakati katika hii nchi ambapo spika ya matatu ilikuwa chombo cha habari, na mtu angeweza kulala seli kwa sababu ya kile inachosema. Aliyefunga hizo spika zikasikika mpaka kiti cha mwisho alikuwa fundi fulani ambaye jina lake halipo kwenye kitabu chochote.

Manyanga, kisha Michuki

Miaka ya tisini masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, na magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika. Kila saluni ilikuja na kile kibao chepesi, na kila kibao kilikuwa kazi mpya kwa fundi. Spika na amplifaya zikajaa Luthuli Avenue. Capital FM ikaanza mwaka 1996, Kameme mwaka 2000, na hewa ikapata ushindani. Matatu nazo zikawa manyanga: michoro, taa, na muziki unaokufanya uache gari tupu upande ile iliyojaa kwa sababu ya beat. Genge na kapuka zilipokuja, wasanii wengi walijua kwamba wimbo usipopigwa kwa mat haujafika mtaani.

Nissan ya abiria haina buti wala ule ubao wa saluni. Kwa hivyo mafundi walihamisha wazo, wakajenga masanduku chini ya kiti cha nyuma na juu ya dari. Ubao ule ule, ndani ya gari tofauti.

Halafu Februari 1, 2004. Kanuni za Waziri John Michuki zikaanza kufanya kazi: mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, sare, mstari wa manjano, na Nissan za abiria 18 zikashuka hadi 14. Siku za kwanza watu walitembea kwenda kazini kwa miguu. Sitamlaumu Michuki kwa mikanda, barabara zilikuwa zinatuua. Lakini katika msako huo michoro na muziki viliwekwa kapu moja na ulevi na mwendo wa kasi, kana kwamba spika ndiyo iliyokuwa ikishika usukani. Masanduku yaling'olewa. Fundi wa spika akawa mtu wa kufanya kazi kwa kujificha.

Miaka ikapita, muziki ukarudi, michoro ikarudi, hata Rais Uhuru Kenyatta akaitetea michoro hadharani kama kazi ya vijana. Kisha Novemba 2018 msako ukaanza upya kwa kanuni zile zile, na watu wakatembea tena. Ukiangalia vizuri, ni duara: ruhusa, msako, kimya, ruhusa. Anayeumia kila mara ni yule yule mwenye jigso na katoni.

Mnaolalamika pia mko na haki

Sitaki kudanganya mtu hapa. Kuna kelele kweli. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya NEMA, zina sababu ya kuwepo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Hesabu mwenyewe: kwa desibeli 100 una dakika 15 tu. Abiria wa 46 anashuka mjini akaendelea na maisha yake. Makanga anabaki pale kutoka alfajiri hadi usiku. Huyo ni kijana wetu, na masikio hayana spea Kirinyaga Road.

Kuna ubao hatari pia. Ubao wa kilo 5 uliowekwa tu bila bolti, gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, unaruka mbele kwa mwendo wa kitu kilichoanguka kutoka mita 10 hivi, na unafikia shingo za walioketi nyuma. Amplifaya ya wati 300 inavuta zaidi ya ampea 25 kwenye betri ya volti 12. Waya mwembamba usio na fyuzi karibu na betri ni moto unaongoja siku yake. Na ubao ulioinuliwa mpaka dereva haoni nyuma haufai hata kama unapiga besi ya mbinguni.

Lakini ona: hayo yote yanatatuliwa na fundi mzuri. Bolti, fyuzi, waya wa saizi, kimo cha ubao, hata spika zinazosikika vizuri bila kupasua masikio. Gari yenye ubao mbovu ndiyo huongezwa sauti kila mara, kwa sababu besi yake inapotea njiani. Ubao mzuri unakupa utamu kwa sauti ya chini. Ukimfukuza fundi mzuri, kelele haiishi. Kazi inaenda kwa mtu mbaya, usiku, bila fyuzi.

Ninachotaka

NITA hupima maseremala na mafundi umeme wa magari kwa gredi, III hadi I. Fundi wa spika anafanya kazi zote mbili na anaanguka katikati. Apimwe kwa kazi yake kama ilivyo. Awe na karatasi ya kumwonyesha karao na mteja. Sheria iseme ni desibeli ngapi ndani ya gari na ubao ufungwe vipi, halafu gari likaguliwe kwa hayo, badala ya mtu kung'oa kazi ya wiki nzima kwa nyundo kando ya barabara.

Na sisi tuandike. Siku hizi gari nyingi ni ndogo za mlango wa nyuma, kibao chake kinaning'inia kwa kamba mbili, na spika ya bluetooth ya kubeba mkononi inawatosha wengi. Wale wazee waliofunga spika wakati wa kaseti wanastaafu, wengine wamerudi mashambani na hakuna aliyewauliza kitu. Kama mzazi wako, mjomba wako ama jirani wako alikuwa fundi wa maredio, washa simu umrekodi wiki hii. Muulize ubao wa kwanza aliukata mwaka gani, wa gari gani, na kaseti gani ilichezwa ya kwanza. Niletee hapa. Nitaziweka zote, na jina lake, akikubali, litakuwa juu.