Ngitili ya Wasukuma: Malisho Chini ya Miti



Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba mti na ng'ombe havikai pamoja: atakaye malisho na afyeke, atakaye miti na aondoe mifugo. Kabla ya kulikubali neno hilo, yafaa tutazame habari za jirani zetu Wasukuma wa Shinyanga, nchini Tanzania.

Tangu zamani Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zianzapo, mwenye mji hutenga sehemu ya ardhi yake, mifugo isiingie. Nyasi hukua chini ya migunga hata kiangazi kikali; ndipo hufunguliwa, na ndama, maksai na ng'ombe wanyonge hutangulizwa.

Desturi hiyo haikudhoofika kwa ujinga wa wenyeji. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyekesha misitu ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakaenea. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, ngitili nyingi ziliachwa bila mwenyewe. Nchi ikawa tupu, kuni na malisho yakawa haba.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Hapo kwanza nguvu nyingi zilitiwa katika kupanda miche. Baadaye wazee wakasikilizwa. Kumbe visiki na mizizi ya miti ya kale ilikuwa ingali hai ardhini, ikingoja kupumzishwa tu! Ngitili zilizojulikana mwaka ule zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Dagashida, yaani baraza la kimila, liliweka sheria, na sungusungu wakazilinda. Mvunjaji alitozwa faini.

Hata hivyo haki haikuenea sawasawa. Mwenye ardhi kubwa alifaidi zaidi, na asiye nayo ilimbidi kununua malisho.

Basi, twajifunza mambo mawili. Kwanza, mti na ng'ombe si maadui, kila kimoja kikipewa majira yake. Pili, ardhi huponywa na wale walio na mamlaka juu yake. Twawaomba wazee wetu, kabla ya masika yajayo, wakae barazani waamue ni sehemu zipi zitakazofungwa, nani atazilinda, na asiye na shamba atapata fungu gani. Akiba haiozi.