Viwango vya Utendaji wa Rika na Mamlaka ya Kuvipima katika Wilaya za Tarime na Serengeti, 1890 hadi Leo

1. Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu marika ya Afrika Mashariki yamejishughulisha na muundo: majina ya marika, mpangilio wake na namna yanavyopokezana nafasi. Makala haya yanaelekeza macho kwenye suala la utendaji. Rika lilitarajiwa kufanya nini? Lilipimwa kwa vigezo gani, nani aliyekuwa na mamlaka ya kulipima, na kulikuwa na matokeo gani liliposhindwa? Maswali hayo yanachunguzwa kwa kuzingatia jamii za Wakuria, Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waishenyi wanaoishi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Suala la kupima undugu wa vijana linajitokeza pia mbali na Mara. Nchini Marekani, ambako chama cha wanafunzi cha Phi Beta Kappa kilianzishwa mwaka 1776, matawi ya vyama vya undugu vya vyuoni hupimwa kwa viwango vilivyoandikwa, kama vile wastani wa alama za masomo, ulipaji wa ada, saa za kujitolea na namna wanachama wapya wanavyopokelewa. Tawi linaloshindwa huweza kusimamishwa au kufutwa na chuo au na makao makuu ya chama. Mpimaji huyo yuko nje ya tawi, na kipimo chake ni cha karatasi. Katika Mara ya zamani hapakuwa na karatasi, na mpimaji hakuwa mgeni. Alikuwa baba, mjomba na jirani, ambaye angeumia yeye mwenyewe endapo vijana wangeshindwa kazi yao. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa hoja ya makala haya: vigezo vya rika vimebadilika mara kadhaa tangu mwaka 1890, na kila mara badiliko kubwa zaidi limekuwa katika swali la nani anayepima.

2. Kizazi, rika na wapimaji

Miongoni mwa Wakuria, mifumo miwili ilienda sambamba. Wa kwanza ni mfumo wa vizazi, amakora, ambao mtu huzaliwa ndani yake. Malcolm Ruel, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1962, alieleza vizazi vinane vilivyogawanyika katika mizunguko miwili, Abasaai na Abachuuma, ambapo mtoto huingia katika kizazi kinachofuata kile cha baba yake ndani ya mzunguko uleule. Mfumo wa pili ni wa esaro, yaani rika la tohara, linaloundwa na wale waliotahiriwa katika msimu mmoja. Kwa kutahiriwa, mvulana aliacha kuwa omorisia na kuhesabiwa kuwa omomura, kijana mwenye wajibu wa ulinzi.

Mifumo hiyo ilitekeleza kazi tofauti. Kizazi kilimpa mtu nafasi yake ya heshima mbele ya wengine, yaani nani amwamkie nani kwa unyenyekevu na nani anayeweza kutaniana na nani. Rika lilimpa wenzake wa kufanya nao kazi. Juu ya vijana walikuwapo wazee wa inchama, baraza la siri lililobeba dhamana ya usalama na ibada za ikiaro, yaani eneo la ukoo mkubwa kama vile Nyabasi, Bwirege au Timbaru. Pamoja nalo kulikuwa na iritongo, mkutano wa hadhara uliojadili makosa na kutoa maamuzi. Kwa hiyo rika halikujipima lenyewe. Wapimaji wake walikuwa watu waliokwisha kupita katika ngazi hiyohiyo, na ambao walikuwa bado wanaishi chini ya ulinzi wake.

3. Vigezo vya awali

Vigezo vitatu vinaweza kubainishwa. Cha kwanza ni ustahimilivu. Kijana alitakiwa kusimama wakati wa tohara bila kutikisika, na aibu ya aliyeshindwa iliwafikia ndugu zake pia. Cha pili ni ulinzi: kulinda mifugo, kuifuata iliyoibiwa na kuitikia mwano, ukelele wa hatari. Cha tatu ni utii, yaani kutoitumbukiza nchi katika vita ambavyo wazee hawakuvibariki. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kilichovishika vingine, kwa kuwa ujasiri usio na utii uliwaletea wote kisasi.

Malipo ya utendaji mzuri yalikuwa maendeleo katika maisha yenyewe: kupata mifugo ya mahari, kuoa, kuwa na mji, na hatimaye kufikia hadhi ya uzee inayothibitishwa kwa ibada ya isubo. Adhabu ya mwisho ilikuwa kutengwa. Mtu asiyeshirikiwa na wenzake hakuwa na wa kumsaidia kulima, kujenga wala kuzika.

Ni kosa kuuchukulia utaratibu huo kuwa wa haki kwa kila mtu. Uvamizi uliosifiwa katika ikiaro kimoja ulikuwa msiba katika kingine. Aidha, wasichana waliingia katika rika kwa njia ya ukeketaji, na utendaji wao ulipimwa kwa ndoa na uzazi, mambo ambayo wengine waliwaamulia. Vigezo vya rika vilikuwa na nguvu kwa sababu vilikubaliwa na wenye sauti, na si wote waliokuwa na sauti.

4. Maafa na rika jipya la Serengeti

Madai kwamba mila za rika hazikuwahi kubadilika yanakanushwa na historia ya Serengeti yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Magharibi mwa Serengeti maafa hayo yalifuatana na njaa, magonjwa na mashambulizi ya Wamasai. Watu walihama, koo zikachanganyika, na makazi ya zamani yakaachwa.

Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameonyesha kwamba Wanata, Waikoma na Waishenyi waliitikia hali hiyo kwa kulipa rika, saiga, kazi ambayo halikuwa nayo kabla. Makundi ya rika ya Abangirate, Abasaai na Abarumarancha yalipata maeneo yao ya kukaa, hata mtu akaweza kutambulishwa kwa saiga ya mahali anapoishi pamoja na ukoo wake. Undugu wa tohara ukawa undugu wa ardhi.

Kwa upande wa utendaji, badiliko hilo lilikuwa kubwa. Hapo kwanza rika lilipimwa kwa jinsi wanachama wake, waliotawanyika katika miji ya baba zao, walivyoitikia wito. Sasa lilipimwa kwa uwezo wake wa kuwapokea wakimbizi, kuwaunganisha na kuwakinga mahali pamoja. Ibada ya kuizunguka nchi kwa miguu ili kuiponya na kuilinda ilikuwa tathmini ya wazi: waliopewa dhamana walionekana na watu wote wakiitembelea mipaka waliyopaswa kuilinda. Funzo kwa mtafiti ni kwamba wazee wa wakati ule hawakuiona mila kama jiwe. Walibadili vigezo ili rika lisife, na rika likaendelea kuishi kwa sababu vigezo vilibadilika.

5. Ukoloni na mpimaji mgeni

Utawala wa Wajerumani, uliokuwa na vituo vyake Shirati na Ikoma, na baadaye utawala wa Waingereza, uliingiza mpimaji wa aina nyingine. Mpaka wa wakoloni uliwagawa Wakuria kati ya Tanganyika na Kenya. Chini ya sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, chifu aliwajibika kwa serikali, na kazi yake ilitathminiwa kwa kodi iliyokusanywa na amani iliyodumu. Kijana naye akahesabiwa kuwa mlipa kodi, kibarua au askari. Wakuria wengi walijiunga na jeshi la King's African Rifles, na sifa za ujasiri zilizokuwa za rika zikapata mwajiri.

Kazi ambazo rika lilizihesabu kuwa za heshima zilianza kugeuzwa makosa. Uwindaji, uliokuwa sehemu ya maisha ya Waikoma na Wanata, ulibanwa na sheria za hifadhi, na kuundwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1951 kuliwafungia wenyeji maeneo waliyokuwa wakiyatumia. Mwindaji hodari akaitwa jangili. Uvamizi wa mifugo ulipigwa marufuku, lakini haukukoma. Ulibadilika sura.

Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime na kuchapisha matokeo yake mwaka 2000, ameeleza namna wizi wa mifugo wa Wakuria ulivyohama kutoka katika kutafuta ng'ombe wa kuoa na wa kufuga, ukawa biashara ya kutafuta fedha, hususan kwa kuvusha mifugo kwenda Kenya. Ameeleza pia kwamba baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, silaha zilizorudi na askari ziliufanya wizi huo kuwa wa kuua zaidi. Hapa ndipo kigezo cha utii kilipovunjika. Ng'ombe aliyeletwa zizini alionekana na wazee na aliweza kuulizwa habari zake. Ng'ombe aliyekwisha kuuzwa ng'ambo ya mpaka haulizwi. Ujasiri ulibaki ukisifiwa, lakini mizani iliyoupima ilikuwa imeondolewa.

6. Sungusungu: sura ya zamani, uwajibikaji mpya

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya ulinzi vya sungusungu viliibuka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, kisha vikaenea hadi Mara. Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwapa sungusungu nafasi ndani ya sheria za nchi. Suzette Heald, katika maandiko yake ya mwaka 2006 na 2007, ameonyesha kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 Wakuria wa Kenya nao waliuiga mfano wa Tanzania.

Kwa Wakuria, jambo hili halikuwa geni kabisa. Mkutano wa hadhara, kiapo, faini na kutengwa kwa mkaidi vilikuwa vyombo vya iritongo. Vijana walipata tena kazi ya ulinzi na mahali pa kuonekana wakiifanya. Hata hivyo, mfanano huo usifiche tofauti. Uongozi wa sungusungu uliwajibika pia kwa mtendaji wa kijiji na kwa mkuu wa wilaya. Ulipopimwa kwa idadi ya watuhumiwa waliokamatwa, ulishawishika kukamata bila ushahidi wa kutosha. Ulipopimwa na ukoo mmoja, ulishawishika kuwaficha wezi wa ukoo huo na kuwatesa wa ukoo jirani. Kipimo cha ofisi na kipimo cha ukoo havikukutana, na mwananchi wa kawaida alibaki katikati yake.

7. Kigezo cha kuingia

Kati ya vigezo vyote vya zamani, kile kilichobaki na nguvu kubwa ni cha kuingia, nacho kwa wasichana ni ukeketaji. Msimu wa tohara hufunguliwa kwa idhini ya wazee wa mila, na kwa kawaida huangukia Desemba, shule zinapofungwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Mara walikuwa wamekeketwa, ilhali wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 10.

Pengo kati ya sheria na takwimu linaeleweka zaidi likitazamwa kama suala la vigezo. Sheria inakataza tendo, lakini haimpi msichana uanachama. Asiyekeketwa huitwa omosagane, neno la dharau linalomfuata hadi katika ndoa, na wazazi wake hubebeshwa aibu hiyo. Kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba salama mjini Mugumu zimekuwa kimbilio la wasichana katika misimu hiyo. Kazi hiyo imeokoa wengi. Lakini msichana anaporudi nyumbani hukutana na wapimaji walewale, wenye kipimo kilekile.

Hoja inayotolewa mara kwa mara na watetezi wa ukeketaji ni kwamba kuondoa kigezo hiki ni kuliua rika. Ushahidi uliojadiliwa hapo juu hauiungi mkono hoja hiyo. Rika lilibadili msingi wake wa makazi baada ya maafa ya miaka ya 1890. Lilipoteza uwindaji na uvamizi halali chini ya ukoloni. Liliingizwa katika sungusungu. Katika mabadiliko yote hayo jina la rika halikufa. Hakuna sababu ya kihistoria ya kudai kwamba jamii iliyoweza kuigeuza saiga kuwa kijiji haiwezi kumkubali msichana katika rika lake bila kumkata.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba viwango vya utendaji wa rika katika Tarime na Serengeti vilikuwa na nguvu pale mpimaji alipokuwa mshiriki wa matokeo, na vilidhoofika pale mpimaji alipohamia ofisini au sokoni. Hilo halina maana kwamba vigezo vya zamani vyote vilikuwa vyema. Kigezo cha ukeketaji kilikuwa na wapimaji wa karibu, na ukaribu huo ndio ulioufanya uonevu wake uwe mgumu kuepukwa.

Kutokana na hayo, juhudi za kukomesha ukeketaji na wizi wa mifugo zinazolenga vitendo peke yake, bila kuwagusa wapimaji, zitaendelea kuzaa matokeo ya msimu mmoja. Wazee wa inchama waliowahi kuidhinisha kigezo ndio wenye uwezo wa kutangaza hadharani kwamba kimeondolewa, nayo serikali ina wajibu wa kuhakikisha kwamba tangazo hilo linaheshimiwa. Mpaka hilo litokee, mzigo wa mabadiliko utabaki mabegani mwa msichana wa miaka kumi na kadhaa anayekimbia usiku kuelekea Masanga au Mugumu, na mzigo huo si wake.